Waliongoja Mwisho wa Picha

Asekenye hakwenda Malaba siku ile kutafuta makuu. Alikwenda kuchukua kaseti.

Alikuwa mtangazaji katika redio moja ndogo ya Busia, na kila Jumamosi alasiri alipewa saa nzima ya kipindi alichokibuni mwenyewe, cha filamu za kale za sayansi. Zile za zamani kabisa, nyeusi na nyeupe: vyombo vya angani vinavyoning'inia kwa uzi, maroboti ya bati yanayotembea kama mtu aliyefungwa magoti, madaktari wanaofuga ubongo ndani ya chupa. Alisimulia picha moja tangu mwanzo hadi mwisho, kisha akawaambia wasikilizaji kama inafaa kutafutwa au iachwe ilale. Vijana walimcheka mwanzoni. Baadaye wakawa wanapiga simu kubishana naye. Asekenye alikuwa na jibu moja kwao wote: wale watu hawakuwa na kompyuta. Walikuwa na kadibodi, taa na hofu ya kweli, na hofu ya kweli haichakai.

Jumamosi hiyo, kipindi kilipoisha, simu moja ilikuwa bado inangoja.

"Mama, mimi naitwa Okedi. Nilikuwa VJ hapa Malaba, zamani. Nilikuwa natafsiria watu picha."

Sauti ilikuwa kavu, kama kijiko kinachokwangua sufuria tupu.

"Nakusikia, mzee."

"Niko na kaseti moja hujawahi kutaja. Watu wanaenda mwezini, wanakwama huko. Hakuna mtu mwingine ako nayo."

"Inaitwaje?"

"Karatasi ya jina iliungua."

"Na inaishaje?"

Mzee alikohoa kwanza, kikohozi kirefu.

"Kuja uone," akasema.

Ilikuwa saa kumi na robo. Kutoka Busia hadi Malaba si mwendo wa kuogopesha mtu. Angeichukua kaseti, arudi kwake Mundika kabla giza halijakolea. Ndivyo alivyojipangia.

Alifika Malaba jua likiwa limeinama upande wa Uganda. Malori yalikuwa yamepanga foleni tangu mbali, madereva wamelala chini ya trela, wengine wananyolewa ndevu kando ya barabara. Alielekezwa nyuma ya reli, hadi kwenye jengo refu la mabati lisilo na dirisha hata moja. Mbele yake, mwanamke mmoja wa makamo alikuwa akiuza chai na viazi vitamu vilivyochemshwa. Jina lake Alaso. Alimtazama Asekenye akisimama mbele ya ule mlango, akaacha kupuliza moto.

"Dada, unaingia kwa Okedi?"

"Nachukua tu kitu, mama. Sikai."

Alaso akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Akanong'ona, "Saa hii si mzuri. Lakini kama lazima uingie... weka jiwe kwa mlango. Usikubali mlango ifungwe."

"Kuna nini?"

Alaso alirudi kupuliza moto wake.

Asekenye hakuwa mtu wa ushirikina. Hata hivyo aliokota jiwe, kubwa kiasi cha kujaza viganja viwili, akalisukuma chini ya mlango wa chuma uliokuwa wazi nusu. Hapo ndipo alipoona ule ugwe. Ulikuwa umefungwa kwenye mnyororo wa mlango, wa kitambaa cheusi kilichosokotwa, na umepigwa mafundo. Mafundo mengi, moja baada ya jingine, mengine yameng'aa kwa kushikwashikwa.

Ndani kulinuka mabati yaliyolowa. Na chini ya harufu hiyo, nyingine.

Nywele zilizoungua.

Mzee Okedi alikuwa mwembamba, shingo imezungushiwa mtandio ingawa joto lilikuwa kali. Alimpokea kwa mikono miwili, kwa heshima kubwa, kama mtu anayempokea askofu. Mbele kulikuwa na televisheni ya zamani yenye mgongo, juu ya rafu, na chini yake deki ya kaseti na kipaza sauti kilichofungwa kitambaa. Redio ndogo ilining'inia msumarini. Ilikuwa imefunguliwa, kwa sauti ya chini, na stesheni ilikuwa ya kina Asekenye.

Kisha akaona mabenchi.

Sakafu yote ilikuwa imejaa vumbi zito, halina unyayo ila wa Okedi, unaotoka mlangoni hadi kwenye deki na kurudi. Lakini mabenchi, safu sita za mabenchi, yalikuwa safi. Yaling'aa, kama mabenchi ya kanisani yanayokaliwa kila siku.

"Keti, mama. Tuone kidogo."

"Mzee, ningependa nibebe tu kaseti, niitazame nyumbani."

"Deki zingine zinaikula. Kidogo tu."

Jenereta ilikuwa inanguruma nje. Okedi akasukuma kaseti ndani, na picha ikaanza, na wacha tuseme ukweli, Asekenye alisahau kila kitu. Ilikuwa nzuri. Roketi yenyewe ilikuwa kama chupa ya maziwa iliyopakwa rangi, lakini nyuso za watu watatu waliokuwa ndani yake zilikuwa nyuso za watu wanaojua wamewaacha nani nyumbani. Okedi alichukua kipaza sauti akaanza kutafsiri, na ile sauti mbovu ikapata nguvu. Alimwita kapteni Etyang, mtoto wa Amukura. Akasema fundi wa mitambo ni mkwe wa mtu fulani kule Tororo, ametorokea mwezini kukwepa kulipa ng'ombe wa mahari.

Asekenye akacheka.

Nyuma yake, mtu mwingine pia akacheka.

Aligeuka haraka. Mabenchi yalikuwa matupu. Mlango ulikuwa bado uko wazi, mwanga wa jioni unaingia kama ubao mwembamba, na jiwe liko mahali pake. Akajiambia ni mwangwi wa mabati.

Kwenye picha, roketi ilitua vibaya ikavunjika mguu. Hewa ikaanza kupungua. Wale watatu wakakaa wakiitazama dunia kupitia kidirisha cha duara, ndogo kama sarafu. Okedi akakohoa. Akakohoa tena, mpaka machozi yakamtoka, akampa Asekenye kipaza sauti.

"Nishikie. Naongeza mafuta kwa jenereta."

Akatoka.

Asekenye alisikia jiwe likiburutwa.

Kisha mlango.

Kisha mnyororo... pete moja baada ya nyingine, taratibu, kama mtu aliyefanya kazi hiyo mara nyingi.

"Mzee?"

Alikimbia gizani akaupiga mlango kwa bega. Haukutikisika. Nyuma yake kapteni alikuwa akiita dunia kwa redio, midomo inacheza, hakuna sauti. Mara picha ikajikunja, ikarukaruka, ikakatika. Kioo kikajaa chenga nyeupe.

Kimya.

"Halafu?"

Sauti ilitoka benchi la nyuma. Ya mwanamume. Ya upole, kama mtu anayemuuliza jirani saa.

Asekenye hakugeuka. Alitoa simu. Mtandao ulikuwa umeruka mpaka, simu inamkaribisha Uganda. Akampigia Brendah, mwenzake wa kazini. Iliita mara mbili ikapokelewa.

"Brendah, niko Malaba, nimefungiwa, tafadhali..."

"Halafu?" simu ikauliza.

Ikamponyoka mkononi.

Kisha sauti ya Okedi ikaja kupitia mabati, karibu na sikio lake, chini kabisa.

"Mama. Usipige ukuta. Hawapendi mtu akipiga mabati."

"Nifungulie, mzee."

"Sikiza kwanza. Ilikuwa mwaka wa tisini na nane, kama saa hii. Ilikuwa inanyesha sana. Nilikuwa nimevuta stima kwa jirani na waya yangu mwenyewe. Waya ikakatika, ikaangukia jengo. Ukuta wote ukashika moto ya stima. Na mlango..." Akakohoa. "Mlango nilikuwa nimefunga kwa nje, watu wasiingie bure. Nilikuwa nimeenda kuongea na watu barabarani. Walikuwa kumi na saba ndani."

Asekenye aliondoa mkono wake ukutani polepole.

"Tuliwazika. Kila mtu kwao. Lakini jioni walianza kuja kwa mlango yangu. Wote pamoja. Hawasemi kitu, wanasimama tu. Nikavuka ng'ambo, nikatafuta mtu wa dawa. Akaniambia niwafungie mahali walikufia. Akafunga ugwe, fundo kumi na saba, kila fundo akataja jina. Akasema niwawekee ile picha ya siku hiyo kila jioni, watulie. Sasa miaka yote nawawekea. Inafika hapo inakatika. Wanauliza mwisho."

"Waambie wewe huo mwisho."

"Mimi mwenyewe sikuuona. Nimewatungia mara ngapi. Hawaniamini, mama. Si ni mimi nilifunga mlango?" Sauti ikazidi kudidimia. "Na sasa koo inaisha. Daktari amesema. Nikienda, nani atawakalia? Wewe wanakuamini. Wanakusikiliza kila Jumamosi."

Nyuma, benchi likalia chini ya uzito.

"Ukimaliza, watakufungulia wenyewe," Okedi akasema. Hatua zake zikasogea mbali.

Asekenye akageuka.

Mwanga wa zile chenga ulikuwa hafifu, wa kijivu, unachezacheza. Mwanzo aliona mabega tu. Kisha vichwa. Walikuwa wameketi kwa utaratibu, safu kwa safu. Mwanamke mmoja alivaa gomesi, lile gauni refu la Uganda, mabega yake yamesimama kama masikio. Wawili walikuwa na sare za shule. Na wale waliokaa mwishoni mwa kila benchi, upande huu na upande ule, walikuwa na kiganja kimoja ukutani. Kimebandikwa. Vidole vimetanuka. Hawakukiondoa hata kidogo.

Nyuso hakuziona. Pale penye nyuso, mwanga haukushika.

"Wakaokolewa," Asekenye akasema. "Ikaja roketi nyingine, ikawaokoa. Mwisho."



Mabenchi yakasogea. Yote, kwa pamoja, kama upana wa mkono. Yakimjia.

Alijaribu tena, haraka haraka, kwa maneno mengine. Yakasogea tena. Sasa alikuwa amebanwa kati ya benchi la kwanza na rafu ya televisheni, na ile harufu ilikuwa nzito hata akaionja ulimini. Hapo akaelewa. Watu waliosubiri miaka yote hii hawadanganyiki kwa kifupi. Walitaka kusimuliwa.

Akainua kipaza sauti. Akavuta pumzi. Akawa kazini.

Alianza na dunia ile ndogo dirishani. Alisema jinsi kapteni alivyoitazama akatambua mto, kisha ziwa, kisha akajidanganya kwamba anaona moshi wa jikoni kwao. Alisema jinsi yule fundi, mkwepa mahari, alivyong'oa betri ya redio, chombo cha pekee kilichobaki cha kuitia watu, akaiunganisha kwenye injini kwa mikono iliyokufa ganzi. Ama waongee na nyumbani, ama waende. Mawili hayakuwezekana. Mabenchi yalitulia. Mtu mmoja katikati aliinama mbele, viwiko magotini, vile mtu anavyokaa picha ikimnogea. Asekenye akaendelea. Roketi ikapaa kwa mguu mmoja. Ikaanguka kuelekea duniani, ikawaka nje kama kaa la moto, na ndani wakashikana mikono. Alipofika hapo, kando ya ukuta, akasikia sauti kama ya plasta inayobanduliwa kwenye ngozi. Viganja vilikuwa vinaachia mabati.

"Wakaanguka kwenye majani ya mafunjo, mtoni," akasema. "Mlango ukafunguka. Wakatoka. Wakasimama, matope yakiwafika magotini, wakasikia mbwa wanabweka. Wakajua wamefika. Kila mmoja akashika njia ya kwao. Wa Amukura akaenda Amukura..."

Nje, mlangoni, kitu kikafanya *tk*.

Fundo moja.

Benchi la tatu likapungua uzito.

"Wa Mundika akaenda Mundika. Wa Tororo akavuka daraja."

*Tk. Tk.*

Alitaja kila kijiji alichokijua. Alihesabu kwa vidole huku akisema, jasho likimtiririka hadi kiunoni. Upepo baridi ulimpita kila mara, kuelekea mlangoni. Kumi na wanne. Kumi na watano. Alipotaja Malaba yenyewe, yule mwanamke wa gomesi alisimama, akajinyoosha nguo kwa mikono miwili, akatoka bila haraka. Kumi na sita.

Mnyororo ulianguka. Mlango ukasogea, ukaacha ufa wa mwanga wa upana wa kiganja. Asekenye aliona moto wa Alaso, aliona sufuria inatoa mvuke, hatua ishirini tu kutoka pale. Akauvuta mlango kwa nguvu zake zote.

Haukuongeza hata unywele.

"Na mimi, dada?"

Benchi la nyuma. Alikuwa amevaa kofia ya kitambaa, na mkononi ana funguo anazozichezea. Dereva. Mmoja wa wale wanaokwama foleni wakatafuta mahali pa kuua muda.

"Kwenu ni wapi?" Asekenye akanong'ona.

"Nimesahau. Nilikaa foleni siku nyingi. Sikumbuki kama nilikuwa natoka ama naenda."

Asekenye akataja Eldoreti. Akataja Mombasa, Kampala, Kigali, Juba. Dereva alitikisa kichwa kila mara, kwa masikitiko, kama mtu anayeonyeshwa viatu visivyo vyake. Nje moto wa Alaso ulianza kufifia. Alikuwa anafunga biashara. Asekenye akajua kwamba Alaso akiondoka, atabaki hapo na huyu mmoja hadi jioni nyingine, na nyingine.

Basi akasema jambo ambalo tangu siku hiyo hajaacha kulijutia.

"Wa mwisho hakuwa na kwao. Akaenda na msimuliaji."

*Tk.*

Mlango ulifunguka wenyewe.

Nje, Okedi alikuwa amepiga magoti karibu na jenereta, ameshika ule ugwe mweusi. Ulikuwa laini tupu, kama ndiyo kwanza umesokotwa. Alilia bila sauti. Kisha akainua macho.

"Umewaambia waende wapi?"

"Nyumbani."

Uso wa mzee ukabadilika.

"Mama," akasema polepole, "nilitaka wamalize picha, walale. Sikusema waende nyumbani. Jacinter yangu alikuwa ndani. Bibi yangu, mwenye nilioa. Yule wa gomesi."

Asekenye alimwacha pale. Alitembea hadi barabarani, akapata gari, na saa mbili usiku alikuwa Mundika anafungua kufuli ya chumba chake. Alipowasha taa, kiti kilikuwa kimevutwa kutoka mezani na kugeuzwa kuelekea kitandani.

Dereva alikuwa amekikalia.

Hakufanya lolote. Kofia magotini, funguo mkononi. Asekenye alirudi nyuma ili atoke, lakini mlango ulikuwa umekwisha kujifunga. Alipiga kelele. Jirani, mzee Oriokot, alikuja, akasukuma kwa nje huku Asekenye akivuta kwa ndani. Komeo lilikuwa wazi. Kufuli ilikuwa mezani. Mlango ulikuwa kama umejengewa ukutani. Oriokot akasema labda mbao imevimba kwa unyevu, kesho ataleta patasi, akaenda kulala.

"Ile picha," dereva akasema walipobaki wawili, "niliwahi kuiona. Sikumbuki mji gani. Niliiona mpaka mwisho."

Asekenye alikuwa amejibana kwenye kona.

"Hawakufika, dada. Hewa iliwaishia huko huko. Mmoja baada ya mwingine. Kapteni wa mwisho."

"Mbona hukusema?"

"Wale walitaka kwenda nyumbani. Ningewazuia kwa nini?" Akazungusha funguo kidoleni. "Ulitunga vizuri. Lakini mimi sasa nataka ya kweli. Unazijua nyingi, nimekusikia. Nisimulie moja ambayo watu wanaenda mbali, halafu wanarudi. Wote."

Asekenye alikuwa nayo moja. Aliisimulia kwa kigugumizi, hadi mwisho, hadi mtu wa mwisho kushuka ngazi ya chombo na kukanyaga nyasi za kwao. Dereva alifumba macho.

Mlango ukajifungua kwa upole, kama uliosukumwa na upepo.

Jumatatu Alaso alimpigia simu. Alikuwa ametafuta namba yake redioni.

"Dada, sijui ulifanya nini huko ndani. Huku watu wanaongea. Jumamosi jioni, milango ilifunguka. Kwa mama mmoja huku Amukura, kijana wake alizikwa miaka hiyo, ameonekana amesimama kwa jiko. Anatazama tu. Mama amemwekea kiti, na sasa hataki mtu aingie hapo. Kwingine nyumba haiko, familia ilihama. Wanasema kuna mtu anasimama katikati ya shamba ya mihogo, jua likizama."

"Na mzee Okedi?"

Alaso alishusha sauti. "Amejifungia kwake tangu hiyo Jumamosi. Ama amefungiwa. Tunaenda kwa ukuta, tunamsikia. Anatafsiri picha. Sauti imerudi, safi, kama zamani. Hanyamazi, dada. Ni siku ya pili sasa, hajanyamaza hata kunywa maji."

Asekenye amejaribu mengi tangu wakati huo. Alilala kwa Brendah. Asubuhi mlango wa Brendah nao ukagoma. Alimwita padre. Padre alikuja kwa moyo safi, akasali, akanyunyiza maji ya baraka kila pembe, hata juu ya kile kiti, kisha akataka kutoka akashindwa. Ilibidi akae kitandani na maji yake ya baraka, asikilize habari za watu wa sayari nyekundu mwanzo hadi mwisho, kabla mlango haujamruhusu. Alipotoka hakuaga.

Kila asubuhi ni picha moja. Hairudiwi iliyosimuliwa, alijaribu siku moja, dereva akainua mkono tu, akasema hiyo nimeisikia. Haitungwi, hiyo pia alijaribu, na siku hiyo alitoka ndani saa kumi jioni, baada ya kukumbuka moja ya kweli aliyoiona utotoni.

Wanaomfahamu wanasema amekonda. Wanasema kila saa yuko na simu yake, anatazama picha kuukuu zenye mikwaruzo, anarusha mbele hadi mwisho, anahesabu watu. Walioingia kwenye chombo wangapi. Walioshuka wangapi. Kisha anafuta jina kwenye daftari. Za kwenda ni nyingi mno. Za kurudi wote, sasa hivi amebakiwa na mbili.

Kwa hiyo anauliza. Anawauliza mawakala wa forodha wanaokunywa chai nje ya ofisi zao, wabadilishaji pesa waliokaa kwenye viti vya plastiki, madereva foleni, wazee waliosoma zamani Kampala. Anawauliza kwa adabu, na tabasamu la mtu wa redio, kama wanaijua picha yoyote ya kale ambayo watu walikwenda mbali wakarudi, hata mmoja asibaki. Wanafurahi kuulizwa. Kila mtu ana yake, na anaikumbuka kwa mapenzi: roketi, moshi, yule jamaa mwenye kofia ya kioo.

Lakini ukimuuliza vizuri, taratibu, hadi mwisho, anakuna kichwa. Anakumbuka kwamba kuna mmoja aliyebaki.